Mbwa analala nikimwambia, lakini nikigeuka tu ameinuka

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Bombo, hapa Uganda. Nina mbwa dume wa miezi mitano. Mama yake ni wa kienyeji, baba yake ni German Shepherd. Nikimwambia "lala" analala, lakini nikipiga hatua mbili anainuka na kunifuata. Nimejaribu kumwacha amelala, kisha nikamwita na kumpa kipande cha chapati akifika, ili ajue kuwa kungoja kuna faida. Haisaidii. Jirani yangu, askari mstaafu, anasema mbwa mwenye damu ya kienyeji hajifunzi bila fimbo. Shida yenyewe ni kwamba mke wangu anakaanga chapati mbele ya nyumba, na mbwa akiinuka wateja wanakimbia. Nataka alale kwenye gunia lake mpaka wateja waondoke. Jambo jingine, sisi ni Waislamu, sipendi mate yake kwenye mikono wala kanzu yangu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kosa liko kwenye ile chapati. Tazama mpango wenyewe ulivyo: unamlaza, unaondoka, unamwita, anakuja mbio, unamlipa. Chakula kinaingia mdomoni akiwa amesimama miguuni pako, na kitendo cha mwisho kabla ya chakula ni kuinuka. Hicho ndicho ulichomfundisha, na amekielewa vizuri. Kibarua akilipwa kila anapoacha shamba na kuja mlangoni kwa tajiri, jembe litakaa peke yake saa nne asubuhi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kama utasahau mengine yote usiisahau hii: chakula kimfuate mbwa pale alipolala. Wewe ndiye unayerudi kwake. Kwa miezi miwili au mitatu ijayo usimwite hata mara moja kutoka kwenye kulala. Kuja akiitwa ni somo jingine, lifundishe saa nyingine na upande mwingine wa uwanja.

Kanuni ya pili watu wengi hawaambiwi. Mbwa wako anainuka kwa sababu hajui kazi inakwisha lini. Ukimwambia "lala" na usimwambie mwisho, itabidi aamue mwenyewe, na mbwa wa miezi mitano ataamua baada ya sekunde nne. Anahitaji neno la kumfungua. Wengi hutumia "haya", lakini mbele ya nyumba yako nakukataza, maana kila mteja anayepokea chapati yake anasema haya, na mbwa atafunguliwa mara ishirini kwa asubuhi moja. Chukua neno ambalo halitamkwi ovyo kibarazani. Mimi hutumia "ruhusa". Ukisema ruhusa, piga hatua mbili tatu kwa uchangamfu ili ainuke akufuate, mpe maneno mazuri, lakini chakula usimpe. Chakula kiko kwenye gunia. Baada ya siku chache utaona kitu cha kufurahisha: unasema ruhusa, yeye anakutazama tu, hana haraka ya kuondoka, kwa sababu mali imebaki pale chini.

Utagundua sijataja amri ya "baki". Siifundishi. Kama "lala" maana yake ni lala mpaka nikufungue, basi kubaki kumo ndani yake tayari, na amri moja ni rahisi kuitunza kuliko mbili. Kinachohitajika ni nyumba nzima kukubaliana. Kama wewe unasema lala, mke wako anasema lala chini na watoto wanamwambia kwa Kiganda au kwa Kinubi, mbwa hana amri, ana kelele. Kaeni jioni moja mkubaliane maneno mawili tu, lala na ruhusa, na asiyeweza kusubiri mpaka mbwa alale asiitamke kabisa.

Sasa nipime kidogo huko kulala kwenyewe. Jaribu hivi: simama wima, mikono nyuma ya mgongo, usiiname, usielekeze kidole, sema "lala" mara moja tu kwa sauti ya kawaida. Akilala, vizuri. Asipolala, na nadhani hatalala, basi alichokijua ni mkono wako unaoshuka, neno hajalisikia bado. Mbwa husoma mwili wa mtu kabla ya kusikia maneno yake. Hilo linarekebishika kwa siku tatu au nne.

Anza upya namna hii. Chukua kitamu mkononi, kiweke karibu na pua yake, kishushe polepole wima mpaka katikati ya miguu ya mbele, kisha kivute mbele kidogo juu ya ardhi. Kichwa kinashuka, mabega yanafuata, na viwiko vinagusa chini. Wakati huohuo viwiko vinapogusa, sema "safi!" na chakula kidondoke katikati ya miguu yake. Neno "safi" linampigia picha ya kitendo kilicholipwa, na chakula kifuate ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa zaidi ya hapo unalipa kitu kingine, labda kunusa, labda kuinua kichwa. Makalio yakipanda juu, umevuta mbele mapema mno. Rudisha mkono karibu na miguu yake. Akikataa kabisa kushuka, kaa chini, kunja goti lako liwe kama daraja la chini, na umwongoze apite chini yake. Atalazimika kujilaza mwenyewe.

Usimsukume mabega wala mgongo. Mbwa akisukumwa husukuma nyuma, hiyo ni tabia ya mwili wake, si ukaidi. Halafu mbwa mwenye damu ya German Shepherd katika umri huu mifupa yake bado inakua, na uzao huo una historia ya matatizo ya nyonga. Hakuna sababu ya kumkandamiza kiuno.

Baada ya mara tano au sita fanya mwendo uleule wa mkono, lakini mkono ukiwa mtupu, na malipo yatoke mkono wa pili. Hapo ndipo neno linaingia, na mpangilio wake ni muhimu: kwanza sema "lala", nyamaza kidogo, ndipo mkono ushuke. Ukivifanya pamoja, atatazama mkono na neno litapotea. Ukifuata mpangilio huu, siku moja utasema lala na kabla hujasogeza mkono atakuwa ameshashuka. Siku hiyo mlipe mara tatu mfululizo.

Kuhusu mate: masuala ya twahara na najisi mwulize shehe wako, mimi nitakueleza namna ya kulipa bila kuguswa. Kwa ile kazi ya kuongoza kwa pua, vaa soksi kuukuu au glavu ya shambani mkononi, na kanzu ibaki ndani. Vaa nguo za kazi. Hatua hiyo ni fupi. Ikishapita hutahitaji kuukaribia mdomo wake hata kidogo, kwa sababu malipo yote yataangushwa juu ya gunia, katikati ya miguu yake ya mbele. Ukiweza kutumia mwiko mrefu au kijiko cha mti, bora zaidi. Na usione kuwa unajinyima kitu. Hata wasio na shida ya mate ningewaambia walipe vivyo hivyo, maana mbwa anayelishwa mkononi huinuka kuufuata mkono, na anayeokota chini ana sababu ya kuendelea kuwa chini.

Chapati iache kabisa. Inatafunwa muda mrefu, ina mafuta, na zaidi ya yote ndiyo bidhaa ya mke wako. Unamfundisha kwamba kile kinachonukia kwenye karai ni chake. Tumia mukene, yaani dagaa, mkavu usiotiwa chumvi, samaki mmoja kwa kila malipo. Ni mdogo, anamezwa mara moja, hanati vidoleni, na harufu yake inamshinda mbwa yeyote niliyewahi kumfundisha. Ini la ng'ombe lililochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe linafaa pia kwa siku ngumu. Punguza posho yake ya jioni kulingana na alichokula mchana.

Sasa tufike kwenye kubaki. Mambo matatu humshinda mbwa: muda, umbali na vishawishi. Hayaongezwi pamoja. Ukiongeza moja, mengine mawili unayapunguza, na watu wengi huharibu hapa kwa sababu wanataka kuona matokeo jioni hiyohiyo.

Anza na muda peke yake, uwanja wa nyuma, hakuna kuku, hakuna watoto. Mlaze kwenye gunia. Simama mbele yake, miguu yako isisogee. Angusha mukene, hesabu moja, angusha mwingine, hesabu moja, mwingine. Kisha "ruhusa". Mara ya pili hesabu mbili, halafu tatu, halafu rudi moja, halafu tano, halafu mbili. Usipande ngazi tu kila mara. Mbwa akiona kazi inazidi kuwa ndefu bila kupumua, ataacha. Kama anaweza kukaa nusu dakika bila wewe kusogea, na huku amelegeza mwili, ndipo uende kwenye umbali. Kulegea utakujua: badala ya kulala kama yuko tayari kuruka, viwiko chini na makalio yamenyooka, ataegemea paja moja na miguu ya nyuma itatoka upande mmoja. Ukiona hivyo mlipe bila kusita. Mbwa aliyeegemea paja ana safari ndefu kabla hajasimama, na wewe unapata nafasi ya kuangusha mukene kabla wazo la kuinuka halijafika.

Umbali unaanza kabla ya hatua. Hamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, lipa. Rudisha mguu mmoja nyuma nusu hatua, urudishe ulipokuwa, lipa. Hatua moja kamili na kurudi, lipa. Wewe uliandika anainuka ukipiga hatua mbili. Basi mpaka wako leo ni hatua moja, na hapo ndipo pa kujenga. Kwenda kinyumenyume ukimtazama ni rahisi kwake. Kumgeuzia mgongo ni jambo jipya kabisa, kwa hiyo ukianza kugeuka, punguza umbali uwe sifuri: geuka palepale, rudi, lipa. Kumzunguka pande zote ni jambo jingine tena, maana atataka kukufuata kwa kichwa na mwili utafuata. Zunguka robo, kisha nusu. Kujificha nyuma ya mlango kuje mwisho, na mara ya kwanza kuwe kwa muda wa kupepesa jicho.

Akiinuka usimpigie kelele na usimkemee. Mrudishe kwa utulivu mahali palepale, juu ya gunia lilelile, mwambie lala, na safari hii umwombe kazi ndogo kuliko ile iliyomshinda. Akiinuka mara mbili mfululizo, swali lako limekuwa gumu, ligawe nusu. Vipindi viwe vya dakika tatu mpaka tano, mara mbili au tatu kwa siku, asubuhi jua halijawaka na jioni kabla hajala, na baada ya kwenda haja na kukimbia kidogo. Mbwa ambaye amefungwa usiku kucha hawezi kulala kimya saa moja asubuhi, hata umpe ng'ombe mzima. Angalia pia ardhi yenyewe. Saruji iliyopigwa na jua la mchana inaunguza tumbo, na nyasi mbichi baada ya mvua mbwa wa manyoya mafupi hazitaki. Ndiyo maana nakusifu kwa gunia. Likunje mara mbili liwe nene.

Gunia lina faida nyingine. Mbwa huunganisha somo na mahali. Lala ya uwanja wa nyuma hailetwi mbele ya nyumba bure; ukimhamisha atafanya kama hajawahi kusikia neno hilo, na watu hudhani anajifanya. Gunia ukilibeba unabeba nusu ya mahali pa zamani. Hata hivyo siku ya kwanza mbele ya nyumba anza tena na hesabu moja na miguu isiyosogea, wakati sigiri haijawashwa na mteja hayupo. Atapanda haraka kuliko mwanzo.

Vishawishi vipange kwa nguvu zake. Kwa mbwa wako nadhani mpangilio ni huu: mtoto wako mwenyewe akipita mbali polepole, kisha karibu, boda ikipita barabarani, kuku, jirani akija kusimama kama mteja, na juu kabisa, donge la unga likidondoka chini. Kila ngazi ifanyie mazoezi ya kupanga, watu wa nyumbani wakiigiza, kabla hujamkutanisha na mteja wa kweli. Mtoto anapita, mbwa anatazama lakini hainuki, mukene unadondoka. Baada ya muda mtu anayepita anakuwa ishara kwamba mukene uko njiani, na mbwa ataanza kutazama gunia badala ya suruali ya mteja.

Wakati wote huu mfunge kamba ya mita tatu hivi kwenye nguzo, na gunia liwe mbali na sigiri kiasi kwamba hata akiruka mpaka mwisho wa kamba hafiki kwenye mafuta ya moto wala kwa wateja. Kamba si mwalimu. Ipo ili siku akikosea, kosa lisiwe la hospitali. Na hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu, na ofisa mifugo wa wilaya atakuambia inapopatikana. Mbwa anayekaa karibu na watu wanaonunua chakula hana udhuru wa kukosa chanjo hiyo.

Nirudi kwa jirani yako, kwa heshima zote. Fimbo inaweza kumlaza mbwa, sibishi. Lakini mtazame mbwa aliyelazwa kwa fimbo: masikio yamelala nyuma, anaramba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, macho yanaonyesha weupe pembeni. Huyo hajatulia, ameganda. Mteja mgeni akija na mwavuli mkononi, mbwa wa namna hiyo ana njia mbili, kukimbia au kuuma, na wewe umemfunga kamba. Sioni biashara ya chapati ikisimama juu ya hilo.

Na hilo la damu ya kienyeji halina msingi. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa Comfort Dog Project umechukua mbwa wa mitaani, wa kienyeji kabisa, ukawafundisha na kuwakabidhi kwa watu walionusurika vita vya kaskazini ili wawe wenzao katika kupona. Mbwa hao wanakaa, wanalala na wanasubiri kati ya watu. Mbwa wetu wa kienyeji ana tofauti moja ninayoiona kazini: yuko macho sana kwa kila kinachosogea, na akichoka na zoezi linalojirudia huondoka zake. German Shepherd atarudia mara ishirini kwa kukupendeza. Wako ni mchanganyiko, hujui leo atakuwa yupi. Fanya mara sita nzuri, umfungue, umwache.

Utataka kujua itachukua muda gani. Ukifanya kila siku, nusu dakika na hatua tano ndani ya wiki mbili ni matumaini ya haki. Dakika mbili tatu huku mteja mmoja akisimama, labda baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Lakini kulala asubuhi nzima mbele ya foleni ya chapati usimdai kabla hajafikisha mwaka. Kati ya miezi saba na kumi pia atapevuka na ataonekana amesahau yote. Rudi hatua mbili nyuma na uendelee kulipa, kipindi hicho hupita. Kwa sasa, mke wako akiwa na wateja wengi na wewe haupo wa kumlipa, mbwa akae nyuma ya nyumba na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe. Meno yake yanabadilika umri huu na anahitaji kutafuna. Mfupa uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vikali, na wa kuku ni mbaya zaidi.

Mwisho, mtu wa kumfundisha hapo mbele awe mke wako, si wewe peke yako. Atakayekuwa pale kila asubuhi ni yeye. Aanze naye nyuma ya nyumba kwa hesabu ya moja, hata kama kwako ameshafika dakika, na mkebe wa mukene ukae upande wake wa kushoto, mbali na unga.